Babu wa baba yangu alichukuliwa Kariakoo: tupande Salaita au Latema?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Babu wa baba yangu alichukuliwa Kariakoo, yaani upagazi wa jeshi, wakati wa vita vya Wajerumani, akapelekwa upande wa Taveta, na hakurudi. Baba sasa ana miaka 70, goti moja linamsumbua, na kila mara anasema angependa kuiona ardhi ile kabla miguu haijamkatalia. Tuna siku mbili mwezi wa Agosti, pamoja na wanangu wawili wa miaka 11 na 14. Wako wanaotuambia tupande kilima cha Salaita, wengine wanasema Latema ndiko kwenye historia. Tupande upi, tuanzie wapi, na je, liko jiwe lolote lenye jina la mzee wetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nitalianzia mwisho, kwa sababu hilo la mwisho ndilo linalomkalia baba yako moyoni. Jiwe lenye jina lake halipo kule. Hamtalikuta Voi, wala Maktau, wala Taveta. Mwambie mzee mapema, mkiwa bado nyumbani, asije akapita safu za makaburi akisoma jina moja baada ya jingine na kutoka mikono mitupu. Nimemwona mtu mzima akifanya hivyo, na sitaki yampate baba yako. Kazi ya mikono ya mzee wenu mtaiona, tena mtaikanyaga kwa miguu yenu. Nitakuelekeza ilipo.

Mlima ni Salaita. Vilima vya Latema na Reata mtavitazama kutoka chini, jioni. Goti la mzee ni sababu mojawapo, lakini hata mngekuwa vijana watupu ningewaambia vivyo hivyo. Salaita ni kilima kidogo kinachosimama peke yake kwenye uwanda, mashariki ya mji wa Taveta, na vita vyake vinaeleweka kwa macho. Ukisimama mahali panapostahili hata mtoto wa miaka 11 ataona mwenyewe kwa nini watu walikufa pale. Latema na Reata ni virefu zaidi, vina mawe na vichaka vya miiba, viko karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, na vita vyake vilipiganwa usiku. Vinahitaji miguu mizima, mwenyeji anayezijua njia, na maafisa wa mpakani wapewe habari kabla hamjapanda.

Sasa sikiliza yalivyokuwa, maana ukipanda bila kuyajua utaona mawe na mbuzi tu.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliokuwa Tanganyika hawakukaa kusubiri. Tarehe 15 Agosti waliingia Taveta na kuiteka. Shabaha yao ilikuwa reli ya Uganda, ile iliyotoka Mombasa kupitia Voi kwenda Nairobi na Kisumu. Atakayeikata amewakaba Waingereza koo. Wakasonga mbele kidogo na kujikita Salaita, kwa kuwa kilima kile kimekaa kama mlinzi kwenye njia inayotoka Voi. Kutoka huko na kutoka mlima wa Kasigau walituma vikundi vidogo vya askari usiku kwenda kuchimbia baruti chini ya reli. Hali ikawa hivyo kwa mwaka mmoja na nusu.

Waingereza nao waliona hawawezi kupeleka jeshi Taveta bila maji na bila reli. Uwanda ule ni mkavu. Anayetoka Maktau hadi Taveta akiwa na kibuyu kimoja hafiki. Basi mapema mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka huo ikafika Maktau. Maji yakateremshwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Hapo, mwanangu, ndipo nataka mzee wako ashuke garini.

Kila ukisoma kwamba “reli ilijengwa” na “mabomba yalilazwa”, jiulize ni nani aliyebeba. Wazungu waliohusika walikuwa wachache, nao walikuwa wasimamizi na wahandisi. Kazi ya kukata miiba, kuchimba, kubeba mataruma na kupasua kokoto ilifanywa na vibarua Wahindi na Waafrika. Mbele ya reli, pale isipofika, mizigo ilipanda vichwani mwa wapagazi: unga, risasi, maji, vitanda vya maafisa, na majeruhi njia ya kurudi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Jina hilo mnalo hadi leo: Dar es Salaam ni soko na mtaa, Nairobi ni Kariokor. Wengi wanaonunua nyanya pale hawajui kwamba wanataja kambi ya wapagazi wa vita.

Kwa hesabu rasmi za Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wao walikufa Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi zaidi ya hapo. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, uchovu, na chakula kibaya. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, hana muda wala sufuria ya kuupika ukaiva, na tumbo likaharibika. Haya nakuandikia wewe mwalimu ili ujue namna ya kuwaeleza wanao. Watoto hupenda kuuliza, “Alipigwa risasi?” Jibu la kweli ni kwamba huenda aliugua kando ya njia, mzigo ukapewa mwingine, safari ikaendelea.

Siku ya kwanza, basi, msikimbilie Taveta. Treni ya kutoka Mombasa inasimama Voi. Kabla ya kupanda matatu, ingieni makaburi ya Voi. Yupo pale Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyekufa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Kikundi chake kilivamiwa porini, yeye akajeruhiwa mguu, na walipoanza kumbeba alikataa. Aliona majeruhi wengine wasioweza kubebwa wanauawa, akasema aachwe nao. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Ni hadithi ya kishujaa na ningependa wanao waisikie. Kisha mwambie yule wa miaka 14 ahesabu ni wapagazi wangapi waliosimamishiwa jiwe kama lile. Usimjibu. Mwache akae nalo mpaka kesho yake.

Kutoka Voi barabara ni ya lami, inapita Mwatate na Bura, kisha inaingia Maktau, katikati ya pande mbili za mbuga ya Tsavo Magharibi. Kwenye eneo la Maktau kuna makaburi ya askari Wahindi na mnara wao wa ukumbusho. Shukeni hapo, na mkishatoka kwa Wahindi tafuteni reli. Ile njia ya Voi hadi Taveta haipitishi treni siku hizi, lakini tuta lake mtaliona, na pengine chuma chenyewe kikiwa kimezama kwenye nyasi. Ni reli nyembamba ya mita moja. Mzee na akae kwenye tuta. Nimewaleta watu wengi kwenye milima hii, na sijapata mahali panapofaa kumkumbuka mpagazi kuliko lile tuta, maana udongo ule haukujipandisha wenyewe. Ukiangalia pembeni utaona shimo refu la kina kifupi linalofuatana na reli. Humo ndimo udongo wa tuta ulimochotwa. Watoto wangu wa shule nilikuwa nawaambia wasimame mmoja shimoni na mmoja juu ya tuta, wapeane jiwe. Mawe kumi tu. Baada ya hapo maelezo marefu hayakuhitajika.

Jihadharini na tembo hapo Maktau. Sisemi hivyo kuwatisha. Ni mbuga, hakuna ukuta, na tembo huvuka barabara watakavyo. Msiingie vichakani bila mwenyeji, na geti la Maktau liko karibu, waulizeni askari wa wanyamapori hali ikoje siku hiyo. Mkalale Taveta.

Siku ya pili mtoke saa kumi na mbili kamili alfajiri. Agosti hakuna joto kali kama la Februari, lakini mawingu hupanda mapema na kuufunika Kilimanjaro, na bila mlima ule hamtaelewa kwa nini Wajerumani walikitaka kilima hiki. Kila mtu abebe maji yake, lita tatu kwa mkubwa. Viatu vifunike vidole. Suruali ndefu, kwa sababu ya miiba na kupe.

Na sasa neno ninalokuomba ulishike kuliko yote: msianzie kileleni. Mkifika Salaita, zungukeni mpaka upande wa mashariki na kaskazini-mashariki, muanzie uwandani, mbali kidogo na mlima. Mara yangu ya kwanza, zaidi ya miaka 20 iliyopita, nilipanda moja kwa moja hadi juu, nikakaa kileleni saa nzima na kitabu mkononi, nikatafuta vita nisivione. Niliposhuka nilimkuta mzee mmoja akichunga mbuzi. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta mahandaki ya Wajerumani. Alinyosha fimbo yake hadi karibu na viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa handaki, limejaa udongo na majani, lakini ukishalijua huwezi kuacha kuliona: mstari uliopindapinda, chini kabisa ya mlima, mawe yamepangwa kwa mkono ukingoni.

Fimbo ile ilinielekeza kwenye kosa lililowamaliza askari wa upande wa Waingereza tarehe 12 Februari 1916.

Siku ile walikuja watu wapata 6,000 chini ya Brigedia Jenerali Malleson. Ndani yao kulikuwa na brigedi ya askari weupe kutoka Afrika Kusini, wageni kabisa, hawajawahi kupigana katika nchi hii. Walikuwepo Waingereza, Warodesia na Wahindi wa kikosi cha 130 cha Wabulushi. Kilimani alikuwa Meja Kraut wa Wajerumani na askari kiasi cha robo ya idadi hiyo, wengi wao Waafrika kutoka Tanganyika. Ndege ilikuwa imepita juu kupeleleza, na ripoti ilisema mahandaki yako kileleni. Mizinga ikaelekezwa kileleni. Muda mrefu wa asubuhi walipiga kilele, mawe yakaruka, vumbi likapanda, na kutoka mbali ilionekana kana kwamba hapana kiumbe atakayebaki hai.

Kileleni hapakuwa na mtu wa maana. Mahandaki ya kweli yalikuwa chini, yamefunikwa vizuri, na mbele yake vichaka vimefyekwa ili mwenye bunduki aone vizuri, kisha miiba ikarundikwa kuwa ua. Waafrika Kusini wakaja wakitazama juu. Simama walipotokea na utazame mwenyewe: jicho linavutwa na kilele, halitaki kutazama chini. Mwambie mmoja wa wanao atangulie akachuchumae handakini, wengine mje mkitembea polepole kutoka uwandani. Mtatembea na kutembea msimwone. Yeye atawaona nyote kuanzia magotini kwenda juu. Nimefanya hivi na vikundi vingi, na daima kuna hatua moja ambapo wanaokuja hunyamaza.

Bombomu, yaani bunduki za rashasha, zilipofunguliwa, brigedi ile ilikwama. Kisha Wajerumani walileta akiba yao na kushambulia kutoka ubavuni, na askari wa Afrika Kusini wakavunjika, wakakimbia kurudi porini. Waliosimama wakazuia wale waliokuja na singe walikuwa Wabulushi. Upande wa Waingereza ulipoteza watu wapata 170, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea, na wengi wao walikuwa hao hao Waafrika Kusini. Husimuliwa kwamba Wabulushi waliiokota bombomu iliyotupwa na wenzao weupe, wakawarudishia pamoja na ujumbe wa kuwaomba wasiwaite tena makuli. Mwanangu, wewe ni mtu wa Mombasa, unawajua Wabulushi wa mjini kwenu. Hadithi hiyo wasimulie wanao papo hapo, kwenye miiba, waone kwamba dharau ya rangi ilitembea pamoja na jeshi lile hadi mstari wa mbele, na askari waliodharauliwa ndio waliowaokoa wenye kudharau.

Baada ya hapo ndipo mpande. Ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima asiye na haraka. Mzee mpeni fimbo na mwache apumzike kila anapotaka. Kama goti litamkatalia katikati, abaki chini handakini na mmoja wenu. Hatakuwa amekosa kitu cha msingi, kwa sababu vita vilikuwa chini. Juu mtapata mandhari: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kaskazini-magharibi kama mawingu yamewahurumia, Taveta na kijani chake cha migomba, na milima ya Pare kwa mbali upande wa Tanzania. Geukeni mashariki muone uwanda wote mliokuja mkiupita, na njia ya reli. Hapo mtaelewa Kraut alikuwa akiona vumbi la jeshi saa nyingi kabla halijamfikia.

Mtakutana na mtu atakayewaambia Salaita ni neno la Kiingereza la machinjo lililotamkwa na wenyeji baada ya vita. Hadithi hiyo siifundishi. Jina Salaita lilikuwa tayari kwenye amri za maafisa kabla ya shambulio. Mtasimuliwa pia juu ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu wenye uwazi, akidungua askari wa Kiingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Watoto wataipenda, na mbuyu utaonyeshwa. Wasikilize kama unavyosikiliza ngano. Kinachoniuma ni kwamba wageni wengi wanaondoka Taita Taveta wakimkumbuka mwanamke huyo wa mbuyuni, na hawajasikia hata mara moja habari za Kasigau.

Kasigau ni mlima mkubwa kusini-mashariki, hamtaufikia safari hii, lakini uliza upande uliko na uwaonyeshe wanao. Mwaka 1915 Wajerumani walishambulia kituo cha Waingereza pale. Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa ndio waliowasaliti. Kijiji kizima kikaadhibiwa: nyumba zikachomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa Malindi. Watu wa mlimani, wa hewa baridi, wakatupwa pwani kwenye malaria. Wengi walikufa huko. Waliosalia waliweza kurudi kwao miaka ya 1930, yaani mtoto aliyeondoka mgongoni mwa mama yake alirudi mtu mzima. Na watu wale hawakuwa askari wala wapagazi. Walikuwa wakulima walioishi karibu mno na mpaka wa watu wengine.

Kama mtaokota kitu, ganda la risasi, kipande cha seng'enge, chupa, kirudisheni mahali pake baada ya kukitazama. Mvulana mmoja wa kikundi changu aliwahi kupata ganda lililooza kwa kutu, akalifuta kwa fulana yake, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akalirudisha kwenye alama ile ile ya udongo lilipotoka. Mahandaki haya yanasema kwa sababu vitu vyake bado vimo. Na mkiona kitu kizima, kizito, chenye umbo la kombora, msikiguse kabisa. Rudini nyuma mkawaarifu polisi wa Taveta.

Saa tano au sita mtakuwa mmeshuka. Kuleni, mzee alale kidogo, kisha alasiri nendeni makaburi ya kijeshi ya Taveta. Yanatunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamesimama kwa mistari, zaidi ya mia moja. Wengi waliozikwa humo ni wa Salaita na wa Latema. Someni umri. Wamo vijana wadogo kutoka Afrika Kusini na Rodesia, na wao pia walikuwa na wazazi.

Jioni, jua likianza kulegea, tazameni Latema na Reata upande wa magharibi. Naweza kukueleza vita vyake kwa ufupi. Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, alifika Februari ile ile ya Salaita, akaona kosa, na Machi hakukishambulia kilima uso kwa uso. Aliwatuma askari wa farasi wakazunguke kaskazini, karibu na ziwa Chala. Kraut akaona atazungukwa, akakiacha kilima. Tarehe 9 Machi Waingereza wakakiingia Salaita bila mapigano. Kilima kilichomwaga damu yote ile kikatwaliwa kikiwa kitupu. Kesho yake wakachukua Taveta, na tarehe 11 wakakutana na Kraut tena kwenye pengo lililo kati ya Latema na Reata. Hapo walipigana Keya, yaani wale askari Waafrika wa King's African Rifles, pamoja na Wabulushi, Warodesia na Waafrika Kusini. Kamanda wa Keya, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Usiku walipanda kwa singe gizani, vikundi vikapotezana, na makamanda chini wakaamini wameshindwa hata wakapanga kurudi nyuma. Kulipopambazuka wakaona watu wao wachache bado wameng'ang'ania vileleni na Wajerumani wameondoka kwenda Kahe. Upande wa Waingereza ulipoteza watu wapata 270. Usiku ule wote kulikuwa na watu waliopanda na maji na kushuka na majeruhi katika giza lile lile, kwenye miiba ile ile, bila bunduki. Kama mzee wenu alikuwa hai Machi 1916 na alikuwa upande wa Taveta, basi huenda alikuwa miongoni mwao.

Nirudi sasa kwenye jiwe. Waingereza walipojenga ukumbusho wa Waafrika, waliamua kutoandika majina. Walisimamisha sanamu tatu, Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa, na maandishi yake yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Ya Mombasa iko hapo hapo kwenu, barabara ya Jomo Kenyatta. Nina hakika umepita mbele yake mara elfu. Kabla ya safari, mpeleke mzee pale asubuhi mapema kabla msongamano haujaanza, asome ile sehemu ya Kiswahili. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba Waafrika na Wahindi wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao, kwa sababu ya ubaguzi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi imekuja baada ya miaka mia. Hata mishahara ya wapagazi waliokufa, ambao jamaa zao hawakutafutwa ipasavyo, ilibaki mikononi mwa serikali.

Kama familia inataka kufuatilia, ufunguo ni jina la mahali kuliko jina la mtu. Wapagazi waliandikishwa kwa wilaya na kwa machifu wao. Muulize baba: huyo babu yake alitoka lokesheni gani, chifu alikuwa nani, na alichukuliwa na akina nani wa rika lake? Wazee hukumbuka wenzake waliochukuliwa siku moja naye hata kama mwaka hawaujui. Ukiwa na hayo nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, ukaulize majalada ya wilaya hiyo ya miaka ya 1914 hadi 1920. Ni kazi ya subira, na makaratasi mengi hayakutunzwa, lakini bila jina la chifu hutapata pa kuanzia.

Kuna jambo moja zaidi. Tangu siku ile ya mzee wa mbuzi nimekuwa na daftari. Kila anayekuja Salaita kwa ajili ya mtu wake aliyepotea Kariakoo, namwomba aniandikie jina la mtu huyo, jina la baba yake, na mahali alipotoka. Tukikaa kwenye tuta la reli Maktau huwa nayasoma yote kwa sauti, kuanzia la kwanza. Basi kabla hamjapanda treni, kaa na baba yako umwandikie la kwenu, kwa tahajia anayoitaka yeye. Lete hiyo karatasi, na kalamu yako pia, kwa sababu ningependa aliandike kwa mkono wake.